Sura ya Tano: Teksi ya Watu Wawili

Mwanzoni mwa miaka ya 1970, mtu wa Kingston aliyetaka kucheza muziki usiku alishika barabara ya Red Hills. Kumbi za starehe zilijipanga huko, na mbili kati yake zilikuwa jirani kiasi kwamba bendi ya huku ikipumzika, besi ya kule ilisikika. Ukumbi mmoja uliitwa Tit for Tat. Bendi yake, Skin, Flesh and Bones, ilikuwa na mpiga drams kijana, Lowell Dunbar, aliyelipenda kundi la Kimarekani la Sly and the Family Stone mpaka watu wakaacha kumwita kwa jina la wazazi wake. Akawa Sly, basi. Ukumbi wa pili uliitwa Evil People, na huko gitaa la besi lilikuwa mikononi mwa Robert Shakespeare, Robbie. Ikifika saa ya mapumziko, kila mmoja alitoka kwenda kusimama kwa mwenzake, kusikiliza.

Hawakuwa wanagenzi. Sly alizaliwa Mei 1952, na hata miaka 20 hakuwa ameifikisha alipopiga drams katika "Double Barrel" ya Dave and Ansel Collins, wimbo ulioshika namba moja Uingereza mwaka 1971. Robbie, mdogo kwake kwa mwaka na miezi kadhaa, alifundwa besi na Aston Barrett, "Family Man" wa Wailers. Mwanafunzi huyo alihitimu upesi: besi inayosikika katika "Concrete Jungle", wimbo unaofungua albamu ya Catch a Fire ya mwaka 1973, si ya mwalimu, ni yake. Mashabiki wengi wa Bob Marley hawalijui hilo. Mimi mwenyewe nilimsifu Family Man kwa besi ile miaka mingi kabla mtu hajanisahihisha mbele za watu.

Aliyewakutanisha kazini ni Robbie. Alikuwa akipiga katika Aggrovators, bendi ya studio ya prodyuza Bunny Lee, na baada ya kumsikia Sly alimwambia bosi wake kwamba pale jirani kuna mpiga drams wa hatari, amjaribu. Alimjaribu. Tangu hapo likawa jambo gumu kutaja jina la mmoja bila la mwenzake kufuata, na Wajamaika wakawabandika jina la mapacha wa ridimu.

Neno hilo, ridimu, lataka maelezo, na hapa msomaji wa Kiswahili ana bahati kuliko Mzungu. Sisi tuna neno "ngoma", ambalo ni chombo, ni mchezo, na siku hizi kwa vijana ni wimbo wenyewe. Ridimu nayo imekua hivyo hivyo. Kwa Mjamaika, ridimu ni besi na drams za wimbo zilizotenganishwa na sauti ya mwimbaji, zikapewa jina lake, zikahifadhiwa, zikatumika tena na tena. Ridimu moja inaweza kubeba wimbo wa mapenzi mwaka huu, na baada ya miaka 10 ikabeba wimbo wa kuwalaani polisi. Katika dansi letu, ukimwondoa mwimbaji na gitaa la solo, kinachobaki hakuna atakayekilipia kiingilio. Katika rege kinachobaki ndicho nyumba, na mwimbaji ni mpangaji.

Sasa hesabu polepole: moja, mbili, tatu, nne. Muziki mwingi wa kuchezeka hutua kwa kishindo kwenye moja. Rege ya Carlton Barrett, ndugu yake Family Man, huiacha moja tupu. Ngoma ya mguuni na snea hushuka pamoja kwenye tatu, gitaa na kinanda hukwaruza kwenye mbili na nne, na pale mwanzo panabaki pengo. Mtu anayeisikia mara ya kwanza hujiona kama anayepanda ngazi iliyokosa kidaraja cha kwanza. Besi nayo hailizibi pengo hilo. Huanza sentensi, huikata katikati, hunyamaza, kisha hurudi kuimalizia mahali usipotazamia. Anayetaka kujifunza besi ya rege hufundishwa noti kwa siku chache. Kunyamaza kwataka miaka.

Sly hakuwa na ugomvi na pengo, ila alitaka lisukume watu mbele. Nafasi ya kulifanyia kazi aliipata katika studio ya Channel One, Maxfield Avenue, iliyokuwa ya ndugu wa familia ya Hookim, Wajamaika wenye asili ya China. Joseph, aliyejulikana kama Jo Jo, alisimamia kazi, na Ernest alikuwa fundi wa mitambo. Bendi ya studio hiyo iliitwa Revolutionaries, na Sly ndiye aliyekuwa injini yake. Mwaka 1976 kundi la waimbaji watatu, Mighty Diamonds, lilitoa albamu ya Right Time. Katika wimbo wenye jina hilo Sly anagonga ukingo wa snea mara mbili mbili kwa kasi, kitu ambacho masikio ya Kingston hayakuwa yamezoea. Sly alikuja kueleza kwamba mwanzoni watu walikataa kuwa ni yeye. Walidhani ni ujanja wa mitambo. Kibao kilipopanda juu na kung'ang'ania huko, wapiga drams wa mji mzima wakaanza kujaribu kugonga hivyo hivyo.

Mtindo huo uliitwa rockers. Mara nyingine ngoma ya mguuni hupigwa kwenye kila hesabu, moja hadi nne, kama buti za askari barabarani, wala hakuna tena kidaraja kilichokosekana. Kwa mji ambao wafuasi wa vyama viwili vya siasa walikuwa wakiuana kwa bunduki mitaani, mwendo huo wa kijeshi haukuwa pambo.

Kwa sauti ile ile walimfuata Peter Tosh. Tosh alikuwa ameachana na Wailers na kuunda bendi aliyoiita Word, Sound and Power. Robbie alikuwemo, naye akamvuta Sly. Walikuwa nyuma yake Aprili 22, 1978, katika Uwanja wa Taifa wa Kingston, kwenye tamasha la amani ambako wote wanamkumbuka Marley akiunganisha mikono ya Waziri Mkuu Michael Manley na mpinzani wake Edward Seaga. Kabla ya hapo Tosh alikuwa amewahutubia wakubwa hao hao waliokaa mbele, akawakemea mchana kweupe wa taa za jukwaa, akawasha bangi. Ukisikiliza kanda ya usiku ule, sikiliza pia drams na besi chini ya hotuba. Zinaenda taratibu, hazimharakishi, na hazimwachi mkono. Mwaka huo huo Tosh alisaini na lebo ya Rolling Stones, akaimba na Mick Jagger wimbo wa zamani wa Temptations, na Sly na Robbie wakajikuta wakitangulia Rolling Stones jukwaani katika viwanja vya Marekani.

Ziara zile ziliwapa kitu ambacho mpiga drams wa Jamaika hakukizoea, nacho ni fedha ya kuweka akiba. Kawaida ya studio za Kingston ilikuwa malipo kwa wimbo. Unaingia asubuhi, unapiga nyimbo kadhaa, unalipwa kwa idadi yake, unaondoka. Mkanda unabaki kwa prodyuza. Akiitumia ridimu yako kwa waimbaji 15, au akiiuza London, wewe ulishalipwa siku ile. Jamaika ilitumia sheria ya hakimiliki iliyorithiwa kwa Waingereza, ya mwaka 1911, mpaka ilipotunga yake mwaka 1993. Ukiisoma historia ya rege kwa jicho la mhasibu, ni historia ya watu waliojenga nyumba wasizopewa hati.

Hakuna mfano mchungu kuliko ndugu wawili wa Barrett, wapiga besi na drams wengine wakubwa wa rege, walioibeba karibu kazi yote ya Marley tangu mwaka 1970. Carlton aliuawa kwa risasi Aprili 1987 nje ya nyumba yake mjini Kingston. Family Man alibaki na madai, akaenda Mahakama Kuu ya London kudai mirabaha ya mamilioni ya pauni, na mwaka 2006 akashindwa, kwa sababu miaka ya nyuma alikuwa ametia saini makubaliano ya kumaliza mambo. Alifariki Februari 2024. Sidhani yupo mtu mwenye masikio anayeamini kwamba nyimbo zile zingekuwa zile bila besi yake.

Sly na Robbie waliliona shimo hilo mapema. Sly alikuwa na lebo ndogo aliyoiita Taxi. Wakaifufua pamoja kwa akiba ya ziara, na mwaka 1979 Gregory Isaacs akawapa kibao cha kwanza kikubwa, "Soon Forward". Jina la lebo linanifurahisha kila ninapoliandika. Katika teksi abiria ndiye anayekaa nyuma na kusema anakokwenda; hushuka, na mwingine hupanda. Gari ni la dereva. Gregory alipanda akashuka, Dennis Brown akapanda, Jimmy Riley, Junior Delgado, Tamlins, Wailing Souls, na mbele siku zote walikuwa wale wale wawili. Walikuwa wamegeuza mpangilio wa studio ya Kingston: mpiga vyombo ndiye prodyuza, na mkanda unalala kwake.

Abiria aliyekaa kwa muda mrefu ni kundi ambalo jina lake ni letu. Derrick Simpson, wa mtaa wa Waterhouse, Kingston, mwanzoni mwa miaka ya 1970 aliunda kundi akaliita Uhuru, bila nyongeza. Neno lilikuwa limeshavuka bahari na habari za Afrika Mashariki kujitawala, na katika mji ambako Rasta aliitazama Afrika kama nyumbani, halikuhitaji mkalimani. Baadaye likawa Black Uhuru. Walipofika kwa Taxi, mwimbaji kiongozi alikuwa Michael Rose, mwenye sauti inayopanda kama ya muadhini, na karibu wakati huo aliongezeka Puma Jones, mwanamke Mmarekani. Sinsemilla ilitoka mwaka 1980, Red mwaka 1981, Chill Out mwaka 1982, kisha Anthem. Mwaka 1985, waliotoa tuzo za Grammy walipoanzisha kipengele cha rege, Anthem ndiyo iliyokuwa ya kwanza kukinyakua. Basi albamu ya kwanza ya rege kupata Grammy ina neno la Kiswahili kwenye jalada lake, na bado sijaona kitabu cha shule cha Nairobi wala Dodoma kinachowaambia watoto hivyo.

Kama nina ruhusa ya kuchagua moja, ni Red. Sly hapo ameshaingiza ngoma za umeme, ambazo ukizigonga hutoa sauti kama bati linaloanguka kisimani. Wazee wa rege walikunja nyuso. Yeye hakuona ugeni wowote, kwa kuwa kabla ya hapo alikuwa ameshachota kwenye soli ya Philadelphia, kwenye disko na hata kwenye kantri ya Wamarekani weupe. Chini ya bati hilo Robbie anapiga besi kavu na nzito, na kati ya wawili hao nafasi ni kubwa kiasi kwamba unaweza kusikia chumba. Baada ya Anthem Rose aliondoka, na Black Uhuru haikurudi kuwa ile.

Wakati huo huo dunia nyingine ilikuwa inapiga honi nje. Mwaka 1979 Mfaransa Serge Gainsbourg alikuja Kingston kurekodi na Sly na Robbie. Inasimuliwa kwamba wapiga vyombo walimtazama kwa mashaka mpaka walipoulizwa kama wanaujua wimbo wowote wa Kifaransa. Wakataja mmoja, "Je t'aime... moi non plus", na mzee akasema: huo ni wangu. Barafu ikayeyuka. Albamu iliyotoka hapo, Aux armes et cætera, iliugeuza wimbo wa taifa wa Ufaransa kuwa rege, na waitikiaji walikuwa wale wanawake watatu waliokuwa wakimwitikia Marley. Ufaransa ilichafuka. Januari 1980 mjini Strasbourg askari wa miavuli wa zamani walijaza ukumbi kuzuia onyesho. Gainsbourg akatoka jukwaani peke yake, bila bendi, akauimba wimbo huo kwa namna yake ya asili, ngumi juu, na askari wakalazimika kusimama kwa heshima. Ni kisa kizuri, ingawa kwa sura hii kina kasoro moja: besi haimo.

Kisha Bahamas. Chris Blackwell wa Island Records alikuwa na studio Nassau, Compass Point, na mwaka 1980 aliwaita Sly na Robbie kufanya kazi na Grace Jones, mwanamitindo mzaliwa wa Jamaika aliyekuwa anaimba disko. Aliwachanganya makusudi na watu wasiofanana nao: Mikey Chung na Sticky Thompson kutoka Jamaika, Barry Reynolds wa Uingereza kwenye gitaa, na kwenye vinanda Wally Badarou, mzaliwa wa Paris mwenye wazazi wa Benin. Blackwell amesimulia kwamba alibandika picha kubwa ya Grace ukutani mwa studio, akawaambia muziki ufanane na ile picha. Agizo la ajabu, ila lilieleweka. Warm Leatherette, Nightclubbing na Living My Life zilitoka ndani ya miaka mitatu. Ukisikiliza "Pull Up to the Bumper" utaona kwamba si rege kwa hesabu yoyote, ila pengo lipo, na besi inaingia kwa kuchelewa kidogo kama mgeni anayejua atasubiriwa. Mapromota wa disko wa New York walidhani wamegundua kitu kipya.

Baada ya hapo orodha inakuwa ya kuchosha na sitaimaliza. Joe Cocker aliwapata, Ian Dury, Gwen Guthrie. Bob Dylan aliwaita New York mwaka 1983 kwa Infidels, akawaweka pamoja na magitaa ya Mark Knopfler na Mick Taylor. Mwaka 1987 wao wenyewe, na prodyuza Bill Laswell, walipata nafasi ya 12 Uingereza kwa "Boops". Nayasema haya haraka kwa sababu naona waandishi wengi huyasema polepole, kana kwamba Dylan ndiye aliyewapa cheo. Dylan alipanda teksi kama wengine.

Idadi inayotajwa kila mahali ni kwamba wawili hawa wamepiga katika rekodi 200,000. Chukua kalamu. Kwa miaka 40 hiyo ni rekodi 5,000 kwa mwaka, zaidi ya 13 kila siku, Krismasi na siku za kuumwa zikiwemo. Kwa kuingia studio haiwezekani. Kwa njia ya ridimu inaanza kuingia akilini: unapiga mara moja, na kila mwimbaji atakayeipanda ni rekodi, kila upande wa pili wa santuri, ule usio na sauti, ni rekodi, na kila fundi atakayeichanganya upya miaka 20 baadaye ni rekodi. Idadi hiyo si hesabu ya kazi ya mikono yao. Ni hesabu ya abiria.

Katikati ya miaka ya 1980 rege ilibadilika kwa namna iliyowamaliza wengi. Kompyuta na vinanda vya bei nafuu viliingia studio, na prodyuza akagundua kwamba hamhitaji mpiga drams wala mpiga besi. Wapiga vyombo hodari walikaa nyumbani. Sly, aliyekuwa ameshazoea ngoma za umeme, aliifungua mashine akaifundisha tabia zake. Mwaka 1992 kwa Chaka Demus na Pliers alitoa ridimu iliyoitwa Bam Bam, kwa kumbukumbu ya wimbo wa Toots and the Maytals ulioshinda shindano la Festival mwaka 1966. Ni drams za mashine zenye mnato wa ngoma za Kihindi, na gitaa linalokwaruza, la Lloyd Willis. Kwingineko patupu. "Murder She Wrote" iliwekwa juu yake, na sijui disko, harusi wala kipaimara cha miaka ile, Mombasa hadi Mbeya, ambako haikupigwa mara mbili. Watu walirudia maneno wasiyoyaelewa, ila kiuno kilielewa tangu sekunde ya kwanza. Mwaka uliofuata Tease Me iliwapeleka juu Uingereza, na Januari 1994 wakashika namba moja huko.

Ukimuuliza mtu Robbie alifanya nini wakati mashine zinatawala, jibu si rahisi kuonyesha kwa kidole. Alikuwa anasikiliza na kupanga, na alipopiga, alipiga kidogo kuliko zamani. Mwaka 1999 waliipata Grammy kwa jina lao, kwa albamu ya Friends. Vijana wa No Doubt walikuja kutoka California mwanzoni mwa miaka ya 2000 na wakaondoka na "Hey Baby" na "Underneath It All". Robbie alifariki Desemba 8, 2021, Florida, baada ya upasuaji wa figo. Alikuwa na miaka 68.

Nirudi nyuma kidogo. Mwaka 1984 Taxi ilimtoa kijana mrefu aitwaye Ini Kamoze. Wimbo wake mmoja, "World-A-Music", ulikuwa na ridimu nzito na ya polepole. Ulipendwa, ukapita. Miaka 21 baadaye Damian Marley, mtoto wa mwisho wa kiume wa Bob, aliichukua ridimu ile pamoja na sauti ya Kamoze, akaweka juu yake habari za Kingston wasiyoonyeshwa watalii, akaiita "Welcome to Jamrock". Besi na drams hazikuguswa sana. Hazikuhitaji.

Nairobi ile ya mwaka 2005 ulikuwa unausikia wimbo huo kabla ya kuuona. Nakumbuka jioni moja nikiwa kituoni, barabara ya Tom Mboya, watu wamejaa, mvua inanyemelea. Matatu ilikuwa bado haijakata kona. Sauti ya mwimbaji haikuwa imefika, wala king'ora, wala makelele ya makanga. Kilichofika ni besi, ikitetemesha kioo cha duka la simu nyuma yangu. Mzee mmoja aliyekuwa kwenye foleni akachukua mfuko wake chini, akajiweka sawa. Gari linakuja.